Nilivyosaka nyumba nzima kisiwani Rukuba

Kama wewe ni wa chumba kimoja, choo mnachangia kaya sita na ukipika maharage mtaa mzima unajua, leo tutaelewana vizuri. Mimi nimetoka hukohuko. Chumba chetu kilikuwa Nyasho, Musoma mjini: mimi, waifu na kadogo ketu ka miaka mitatu. Pazia la maua ndilo lililokuwa ukuta kati ya chumbani na sebuleni. Maisha yalikuwa yanakwenda.

Basi bwana, mwaka 2024 waifu akapata ajira ya ualimu. Mwenzangu alikuwa amekaa nyumbani na cheti chake miaka minne, kwa hiyo usiniulize tulivyoshangilia. Soda ziliteremka, simu zikapigwa kwa wajomba na mashangazi. Halafu tukasoma kituo cha kazi: Rukuba. Shangwe ikapungua sauti ghafla, kama redio iliyoishiwa betri.

Kwa wasiopajua, Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria. Kiserikali ni kijiji cha kata ya Etaro, katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, ile tunayozoea kuiita Musoma Vijijini. Daladala haifiki, bodaboda haivuki. Unakwenda kwa maji na unarudi kwa maji.

Nyumba ya mwalimu iliyokuwepo ilikuwa tayari na mwenyewe. Washikaji zangu wa kijiweni Mukendo, ninapokaa na meza yangu ya kutengeneza simu, wakanipa akili: "Mwache akapange chumba huko, wewe baki mjini, wikiendi mnaonana." Nikaona wameongea. Nilipofika nyumbani kuwasilisha hoja, waifu alinitazama kwanza, akaacha kukunja nguo.

"Baba, mimi sikuolewa ili niwe nakutumia salamu kwa nahodha. Na huyu mtoto mwenye pumu, kifua kikimbana nitamkimbiza na nani? Tafuta nyumba. Sijasema chumba, nimesema nyumba."

Mjadala ukafungwa.

DALALI WA MJINI

Nakiri kosa. Sikwenda Rukuba moja kwa moja. Nilikuwa na mpango wangu wa kichinichini: nipate nyumba nzuri mjini, waifu akiiona alegee, akubali kuwa anakuja Ijumaa na kurudi Jumapili. Nikamtafuta dalali. Kabla hajanyanyua mguu akadai 5,000 ya "kuonyesha". Tukazunguka Nyasho, tukapanda Bweri, tukatokeza hadi Makoko. Kila nyumba tuliyoikuta ilikuwa imeshachukuliwa "asubuhi hii hii". Usanii mtupu!

Mwisho tukapata moja Bweri. Vyumba viwili, sebule, jiko, choo cha ndani, uzio wa michongoma. Kodi 120,000 kwa mwezi. Nikaanza kuona kochi langu limekaa pale dirishani. Mwenye nyumba akakohoa: "Ila mimi napokea miezi sita kwa mpigo."

Miezi sita mara 120,000 ni 720,000. Dalali naye anachukua kodi ya mwezi mmoja, hiyo 120,000 nyingine. Jumla 840,000 kabla hujanunua hata balbu. Mfukoni nilikuwa na 400,000, na hizo zilikuwa za kukopa nusu.

Usije ukadhani kuna mahali pa kwenda kulalamikia bei. Zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano yako na mwenye nyumba, na anayetaka nyumba kwa haraka ndiye anayepatana vibaya. Ongeza na hili dogo ambalo wapangaji wengi hatulipigii hesabu: kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu mwaka 2021. Ilianza kwa 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini anayeingiza namba kwenye mita ni wewe. Usipokumbushana naye siku ya kuandikishana, umeimeza. Bandu bandu huisha gogo.

Nikamuaga dalali, nikaingia zangu mitini.

KUVUKA

Jumanne ya tarehe 20 Agosti 2024 nilikuwa mwaloni Mwigobero asubuhi na mapema. Mtumbwi wa mbao mrefu, injini nyuma, magunia ya unga katikati, kreti za soda, godoro la mtu, mbuzi mmoja mwenye wasiwasi kuliko mimi. Nauli niliyotozwa ilikuwa 5,000. Nikauliza jaketi la kuokolea. Kijana wa nahodha akanitupia moja huku akicheka: "Mgeni huyu!" Nikalivaa nikafunga kamba zote. Wacheke tu. Sisi watu wa ziwa hili tunaijua Mei 21, 1996, siku iliyozama MV Bukoba, na tunaijua Septemba 20, 2018, siku ya MV Nyerere kule Ukara. Aibu ya jaketi haijawahi kumwua mtu.

Asubuhi ziwa lilikuwa limelala kama maziwa kwenye sufuria. Musoma na mawe yake ikarudi nyuma polepole. Nahodha aliniambia kama nina shughuli nyingi kisiwani niamue mapema, maana mchana upepo unaamka, na Agosti haucheki na mtu. Nikaiandika kichwani: kumbe hata muda wa kuangalia nyumba unapangwa na upepo.

Rukuba ilipojitokeza niliona mawe kwanza. Mawe makubwa ya kijivu yamepandana kana kwamba kuna mtu aliyekuwa anayapanga akaitwa kula. Katikati miti, juu ya miti tumbili, na chini ufukweni mabati yanameta. Harufu ya dagaa ilitupokea kabla ya watu.

Nilikuta wanaume wengi wamekaa wanashona nyavu na kucheza bao, saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Nikajisemea moyoni, wavivu hawa! Baadaye nikaona aibu. Mwezi ulikuwa mpevu usiku wa kuamkia siku ile. Dagaa wanavuliwa kwa taa gizani: taa inawaita, wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa yako haina maana, dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo kisiwani mshahara haufuati tarehe 25 wala 30. Unafuata giza. Siku za giza mshiko upo, siku za mbalamwezi mtu anadaiwa hadi kiberiti. Mwenye nyumba anayejua kazi yake haji kugonga mlango wakati mwezi umejaa.

NYUMBA TATU

Kuuliza si ujinga. Huko dalali hakuna, nikaanzia kwenye genge la chai, nikaelekezwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilipomwambia mimi ni mume wa mwalimu mpya, kazi ikawa nyepesi. Mpaka natoka pale nilikuwa nimeshaitwa "shemeji" na wanaume wanane nisiowajua.

Mwenyekiti akanieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Vyumba vya kupanga viko tele, vya mabati, 15,000 hadi 20,000. Nyumba nzima ni adimu. Kwa nini? Mvuvi anamfuata samaki. Leo yuko hapa, giza lijalo anahamia kisiwa kingine. Anachohitaji ni pa kulaza ubavu na pa kufungia nguo. Mwenye pesa ya kujenga anajenga vyumba kumi vya kulala, hajengi nyumba ya mtu na mkewe na kabati la vyombo.

Tukaona tatu.

Ya kwanza ilikuwa karibu na maji, 30,000 tu kwa mwezi. Vyumba viwili, upepo mwanana, ukikaa barazani unaona ziwa lote. Moyo ukaruka! Ndipo nikaona ukutani mstari wa udongo, usawa wa goti langu, umezunguka nyumba nzima kama mkanda. Nikauliza. Mwenyewe akasema, "Aa, ziwa lilipanda kidogo, limesharudi." Kidogo? Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likaipita rekodi ya mwaka 1964, na Mei 2024, miezi mitatu tu kabla mimi sijasimama pale, likapanda zaidi ya hapo. Maji yakishapajua kwako, yatarudi kusalimia. Nikashukuru, tukasonga.

Ya pili ilikuwa 40,000, imara, sakafu ya saruji. Lakini nyuma yake kulikuwa na majiko ya kubanika samaki, moshi unaingia dirishani. Mbele yake dagaa wameanikwa hadi mlangoni. Mtu mwenye mapafu yake mazima angeweza kuishi. Nikamfikiria mwanangu anavyonyanyua mabega akitafuta pumzi usiku. Sikuingia hata ndani.

Ya tatu ilikuwa juu, penye mawe, mwendo wa kutoa jasho. Bati lina kutu, mlango wa choo umeinamia upande kama mlevi. Ungeniambia ndiyo hiyo ningecheka. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nikafungua. Vyumba viwili, sebule, jiko la nje lenye paa, taa za sola, madirisha pande mbili, hewa inapita. Ilijengwa na mzee mmoja kwa ajili ya familia yake. Mzee alifariki, watoto wako Mwanza, amebaki bibi anayekaa nyumba ndogo ya pembeni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiye mume wa mwalimu?" Habari zilikuwa zimepanda mlima kabla yangu.

Kodi 50,000, anapokea miezi mitatu. Nikaanza kushusha: bati linavuja, choo kibovu, maji mbali. Bibi akaniacha nimalize. Halafu akauliza, "Una mtoto?"

"Ninaye bibi, wa miaka mitatu. Ana pumu."

"Akiumwa saa nane usiku, una hela ya mtumbwi?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimekuja na hela ya kodi, na nilikuwa najiona mwanaume kamili.

"Wote wanakuja na hela ya kodi," bibi akasema. "Hela ya kodi, mjukuu wangu, mimi naweza kukusubiri hata giza lijalo. Mwenye petroli hasubiri. Nenda kahesabu upya, uje."

HESABU NYUMA YA KALENDA

Jioni ile, Nyasho, tulichana karatasi ya kalenda ya Julai tukaandika nyuma yake. Mimi na waifu tumekaa kitandani, mtoto amelala katikati. Nakupa hesabu yenyewe, ufanye na ya kwako.

Mpango wa kwanza, nyumba ya mjini na chumba cha kisiwani. Bweri 120,000, chumba cha waifu 20,000, nauli ya kuja na kurudi wikiendi nne 40,000. Jumla 180,000 kwa mwezi, na bado kuna masufuria mawili, majiko mawili, vitanda viwili.

Mpango wa pili, wote Rukuba. Kodi 50,000. Hapo ndipo wengi tunapoweka kalamu chini tukashangilia kwamba tumeokoa 130,000! Waifu akanipokonya kalamu. Ualimu ulikuwa umeshamwingia. "Maji nani atapandisha kule juu?" Kijana wa kubeba madumu, 15,000, na ya kunywa lazima yachemshwe, maana ni ya ziwa. Unga, mboga na mkaa vinakuja kwa mtumbwi, kwa hiyo kila kitu kina nauli yake: tuongeze 20,000. Samaki tutawapunguzia bei, lakini mtu hali sato asubuhi, mchana na jioni. Mimi nitavuka mara mbili kwa mwezi kufuata vioo na betri za simu, 20,000. Tukafika 105,000. Akachora mstari, akaandika chini yake: MTUMBWI WA USIKU, 30,000 kila mwezi hadi zitimie 100,000, haziguswi. Jumla 135,000.

Tofauti ikabaki 45,000. Nayo tukijua fika kwamba meza yangu ya simu itaingiza kidogo kule kuliko Mukendo, hasa siku za mbalamwezi. Kwa maneno mengine, kifedha mipango miwili ilikuwa karibu sawa. Ile nyumba ya "elfu hamsini" haikuwa ya elfu hamsini hata siku moja.

Nikamuuliza, "Sasa?"

Akasema, "Sasa hela zimemaliza kuongea. Ongea wewe."

Nikamtazama yule mdogo pale katikati. Nikasema twende.

TUKAANDIKISHANA

Mkataba tuliandika kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Miezi mitatu, 150,000, kuanzia Septemba mosi. Bati na choo nitatengeneza mimi, na gharama itakatwa kwenye kodi inayofuata, risiti zikiwepo. Hilo la risiti alilisema bibi mwenyewe! Nikatumia 35,000 kwa bati tatu chakavu, misumari na bawaba. Watu wa mjini wenye shahada zao wanapangishana kwa mdomo, halafu wanaburuzana. Bibi wa Rukuba alitaka kila kitu kiandikwe, kila mtu abaki na nakala yake.

Maisha yakaanza. Tumbili waliiba ugali wetu wiki ya kwanza, tukajifunza kufunga jiko. Wavuvi wakaleta simu zilizoingia maji, na simu kisiwani zinaingia maji kila siku, kwa hiyo kazi ipo. Mtoto akapata marafiki wa kumfundisha kutaja samaki kwa majina. Kopo la mtumbwi wa usiku nililifungia ndani ya begi. Novemba ilipokaribia kwisha lilikuwa na 90,000. Mara mbili nilitaka kulikopa, mara mbili waifu alikaa juu ya begi.

Usiku wa kuamkia Desemba mosi kifua cha mtoto kikafunga. Muuguzi wa kisiwani aliamka, akamhudumia, akasema kifua kimeanza kuachia lakini ni heri alfajiri imkute hospitali mjini. Nikatoka mbio kwenda mwaloni. Hakukuwa na mtumbwi wa injini hata mmoja.

Ilikuwa giza totoro, mwezi haupo kabisa. Mitumbwi yote ilikuwa kazini. Ziwa lote lilikuwa taa, msomaji wangu, taa mstari kwa mstari kama mji mkubwa umejengwa juu ya maji. Na kila taa ile ni mtu aliye katikati ya usiku wake wa mshahara. Nikampigia nahodha mmoja. Akaniuliza swali moja tu: "Petroli ya kwenda na kurudi unayo, shemeji?" Nikasema ninayo. Nikaona taa moja imejitenga na zile nyingine, inakuja.

Alitutoza 70,000. Siku za mbalamwezi ingekuwa pungufu, lakini usiku ule aliacha wavu wake na vijana wake wanne. Kulipokucha tulikuwa mjini, mtoto kwa daktari. Siku ya tatu tukarudi, anapumua vizuri, anadai soda.

Bibi alitukuta njiani kwenye mawe. Akamshika mtoto kifuani kwa kiganja, akasikiliza, akatikisa kichwa kuridhika. Kodi yake ilikuwa imepitiliza siku tatu. Hakuitaja. Mimi ndiye niliyeitaja, na risiti zangu za bati mkononi. Akasema, "Kwanza jaza kopo, mjukuu wangu. Mimi nipo mpaka giza lijalo."

Kwa hiyo wewe unayesaka nyumba wiki hii, iwe Bweri, Tandika au Mbezi, usiulize kodi peke yake. Angalia mstari wa maji ukutani. Nusa moshi. Uliza nani anajaza LUKU, maji yanatoka wapi na kwa bei gani, kazini ni nauli ngapi. Halafu jiulize swali la bibi: saa nane usiku mambo yakiharibika, utatokaje humo, na hela yake iko wapi? Ukishaliweka jibu lake kwenye bajeti, ndipo umpe mwenye nyumba mkono.

Kwa leo naishia hapa. Kuna mvuvi kasimama mlangoni, simu yake inadondosha maji.